Shamba Lililobaki Ng'ambo
Nimefundisha habari za kusamehe katika vikundi vingi vya maombi, kwa sauti tamu, na miaka yote nimekana kwamba sijamsamehe mama mkubwa, dada yake mama. Sijamsamehe.

Jumapili iliyopita niliona wanawake wawili wakipeana mikono kabla ya Meza ya Bwana, nikanusa tena tope la mto Tana.

Nilipokuwa mtoto, mto ulihama njia, ukaliacha shamba letu la mpunga ng'ambo, upande wa mama mkubwa, naye akalifanya lake. Jumapili moja mchungaji aliwasimamisha mama na mama mkubwa, wakapeana mikono, kanisa zima likapiga vigelegele. Mimi nikaelewa kwamba tumerudishiwa shamba. Mchana nikavushwa kwa mtumbwi na kikapu changu, nikaanza kukata masuke.

"We mtoto, umetumwa na nani?" mama mkubwa aliuliza.

"Si mmesameheana, mama?"

Alicheka mpaka ndege wakaruka. "Yale ni ya kanisani. Huku ni shambani." Akaumwaga mpunga wangu. Msimu ule tulilala njaa mara nyingi.

Sasa nina shahada mbili, na kicheko kile bado nakisikia. Jana nilijikaza, nikampigia binamu yangu wa Garsen anipe mama yake nizungumze naye.

"Mama tulimzika mwezi jana, dada. Hukupata habari?"

Nikauliza, "Na lile shamba?"

"Shamba gani? Mto ulishalila zamani."