Kiti cha bluu cha marehemu mama, na pumba za Bujonde

Wakuu, kwema humu? Naleta jambo la nyumbani kwetu Bujonde, Kyela. Hii siyo chai, mimi mwenyewe nilikuwepo.

Mama alikuwa na kiti cha plastiki, cha bluu, chenye mikono. Enzi zile kiti cha hivyo kilikuwa fahari, kinatolewa nje mgeni akija. Jioni alikikalia akipepeta mchele, sisi watoto tunamzunguka tukidokoa punje mbichi.

Nikikumbuka ule mlio wa mchele kwenye ungo, natamani hata kugombezwa tena.

Mama alipofariki, baba akakirithi. Kila jioni yupo hapo, anatazama kakao zake.

Sasa mimi napiga kazi Mbeya, karakana ya kuchakata plastiki chakavu. Nilipoenda likizo nikaona nyufa nyembamba nyeupe pale miguu inapoungana na sehemu ya kukalia. Nikaogopa.

Plastiki nzima ukiielemea inapinda kwanza. Iliyopigwa jua miaka mingi haipindi, inakatika ghafla. Na baba alishaumia nyonga kwenye utelezi wa masika. Akianguka tena, ndiyo kitandani jumla.

Nikamletea kiti kipya cha mbao. Akawaachia kuku.

"Baba, hiki cha bluu kitakuangusha."

"Mbona hakikumwangusha mama yako?"

"Mama alikuwa mwepesi."

"Usimseme mama yako."

Mzee wangu akikaza shingo, wakuu, utaongea mpaka mpunga uive.

Kesho yake akawa anainuka, mkono wa kiti ukakatika, ukabaki kiganjani mwake. Bahati nilikuwa karibu, nikamdaka. Nikamkalisha barazani. Akawa anakigeuzageuza kile kipande.

Mwishowe akasema, "Kichukue. Lakini usije ukakitupa."

Nikaondoka na kiti, pamoja na gunia la pumba kutoka mashine ya kukoboa mpunga.

Kwa wasiojua: pumba ni filler nzuri tu, yaani kijazio cha kuchanganya kwenye plastiki. Plastiki ikiyeyushwa na kukandamizwa kuwa ubao, zinaipa ukakamavu. Ila lazima uzikaushe, maana unyevu unaacha mapovu ndani na ubao unakuwa dhaifu. Na ukizidisha, unavunjika kama biskuti. Nilifanya test kwa madumu chakavu, nikazidisha, ubao ukapasuka vipande viwili. Nilishukuru Mungu sikuanza na kiti cha mama.

Kiti chenyewe nikakisaga, nikachanganya na plastiki mpya kwa sababu ile ya zamani peke yake ilishachoka. Pumba nikaweka kwa kiasi. Ukatoka ubao mnene, wa kahawia, wenye madoa ya bluu. Seremala akaufungia miguu ya mbao, likawa benchi.

Nilipolishusha nyumbani, baba aliupapasa ule ubao muda mrefu.

"Sasa mama yako yuko upande gani?"

Nikamwambia, "Amechanganyika kote, baba. Hatenganishiki tena."

"Ndaga, mwanangu. Ndaga fijo," akanishukuru kwa Kinyakyusa.

Akakaa katikati, polepole, benchi likatulia. Halafu akajivuta mpaka ukingoni, akaacha nafasi ya mtu mmoja.

Sikuikalia.

Nilichojifunza: kagueni viti vya wazee wenu, hasa vinavyoshinda juani. Mkiona nyufa nyeupe msisubiri. Ila msikimbilie kutupa, ulizeni kwanza nani alikuwa anakaa hapo.

Wataalamu wa plastiki nikosoeni. Na wengine, nyumbani kwenu mzee amegoma kuachana na nini?