Maumivu ya Mguu Yaliyonipeleka Masasi

Niliondoka Kitangari kwa sababu ya mguu wa kulia. Maumivu yalianzia takoni, yakashuka nyuma ya paja mpaka unyayoni, kama waya wa moto. Jirani yangu Mama Somoe alinikanda kigimbi kwa mafuta kila jioni, wapi. Mwanangu Hamisi, mwalimu huko Masasi, akapiga simu.

"Mama, korosho basi. Shamba tukodishe, uje ukae kwangu. Chumba kipo."

Nikamwambia nakuja kutibiwa, habari ya chumba baadaye. Lakini nilijua mguu usipopona, nyumba niliyojenga na marehemu baba yake, mzee Bakari, nitaiacha.

Asubuhi, Newala mjini, nilisimama ndani ya basi la Masasi wakati wenzangu wameshaketi. Dereva, Saidi, akaniuliza, "Bibi, viti vipo, mbona umesimama?"

"Nikikaa naumia zaidi, baba."

"Haya, ila abiria watadhani gari limejaa."

Tulipoanza kushuka mteremko ilibidi niketi. Kila shimo la barabara nililisikia unyayoni.

Masasi tulifika mchana. Tatu, mke wa Hamisi, akaniletea kiti. Nikakataa, nikakaa mkekani, miguu nimeinyoosha mbele. Siku za kusubiri zamu ya hospitali nikazimalizia kitandani, maana wote walisema pumzika. Nikazidi kukakamaa.

Hospitalini alinipokea Neema, binti wa Iringa anayefundisha mazoezi ya viungo. Alinilaza chali, akauinua mguu ukiwa umenyooka. Haukufika mbali.

"Hapo hapo, ushushe," nikamwambia.

"Mguu wako mzima, bibi. Kuna mshipa wa fahamu unatoka kiunoni unashuka mpaka chini. Umebanwa huko juu, wewe unausikia huku." Kisha akasogea karibu. "Mkojo unauzuia vizuri? Huku chini hakuna ganzi?"

"Mjukuu wangu, mimi mtu mzima."

"Ndiyo maana nauliza. Ukiona mkojo unakutoka, au sehemu hizo zimekufa ganzi, au mguu unaburuzika, usisubiri kesho, njoo hospitali."

Nikamjibu hayo sina. Akataka nimwonyeshe ninavyokaa nikibangua korosho. Nikaketi sakafuni, miguu mbele, mgongo nimeuinamisha.

"Kutwa hivyo?"

"Ndivyo tulivyofundwa unyagoni."

"Na aliyekufunda, kiuno hakikumuuma?"

Nikamkumbuka somo wangu, Binti Likwata, alivyokuwa akiinuka kwa kushika ukuta, nasi tukadhani ni uzee.

Neema akaniambia kukaa hivyo muda mrefu kunauvuta mshipa uliokwisha kubanwa, na kulala kutwa nako kunakakamaza. Nitembee kidogo kidogo mara nyingi. Nikilala ubavu, mto uwe katikati ya magoti. Nikiokota korosho nipige goti, nisiiname kiunoni.

Jioni Hamisi akasema, "Ndiyo hivyo, Mama, ubaki."

"Nitabaki mpaka nitembee. Nikitembea, narudi."

Tatu akamcheka mumewe. "Mwache, baba Asha. Mimi nitamtembeza."

Kila asubuhi tukaenda naye sokoni, polepole. Siku za mwanzo niliona ni mateso. Baadaye maumivu yakahama unyayoni, yakapanda kigimbini, halafu yakabaki takoni. Neema akasema yakikimbilia juu namna hiyo ni dalili njema, mshipa unaachiwa.

Nimerudi Kitangari korosho zikianza kudondoka. Mama Somoe na wenzake walikuwa mkekani wanabangua. Nikavuta kiti, nikaweka ubao wangu wa kubangulia mezani.

"Mama Hamisi, umerudi na cheo?"

"Samahanini, nimewazidi urefu tu. Kiuno ndicho kimeomba."

Bado naumwa siku nyingine, hasa kukiwa na baridi. Nikiumwa nainuka, natembea mpaka kisimani na kurudi, mikono mitupu. Nilichojifunza ni hicho: tulikuwa tunaukanda mguu, kumbe ulioumia ni mgongo, na mgongo hautaki kitanda, unataka kubadilishiwa mkao.

Juzi Hamisi kanipigia, anauliza chumba akifanyeje.

"Mpangishie mwalimu mwenzio," nikamwambia. "Mimi nina korosho nje, zitalowa."