Askari Niliyemsogeza Bila Kumuuliza Owor

Kosa lilikuwa langu peke yangu, ila aliyelibeba ni mtu mwingine. Nimekaa nalo tangu miaka ya sitini. Nakueleza wewe usiyenijua, maana wanaonijua nimewaficha.

Nilikuwa mwalimu Tororo, Uganda. Kila Jumamosi tulikutana wachezaji wachache mjini Busia, kibarazani kwa fundi cherehani, tukacheza sataranji. Kupitia gazeti la mchezo huo nikaanza kuandikiana na mtaalamu mmoja wa Ulaya. Alikuwa na programu mbili za kompyuta zinazocheza sataranji, akataka kujua ipi ina akili zaidi.

Njia yake ni rahisi, nikueleze taratibu. Unapanga vipande ubaoni kana kwamba mchezo umefika katikati, mahali pagumu penye njia moja tu ya kushinda. Programu zote mbili zinapewa mpango huohuo. Inayoiona njia ndiyo bora. Akaniomba nimkusanyie mipango migumu, kila mmoja na jina la mtungaji.

Mgumu kuliko yote aliutunga mwenzetu wa kibarazani, Owor, mkulima wa kijiji cha Paya.

"Mwalimu, hiyo mashine nakula nini?" aliniuliza.

"Umeme."

"Basi itakula ngome yangu, halafu itaumwa tumbo."

Hapo ndipo palikuwa na ujanja wake: unaitoa ngome, kipande chako kikubwa, iliwe bure, na hatua nne baadaye mfalme wa adui hana pa kutokea.

Nilipokuwa nikinakili, niliona askari mmoja, kile kipande kidogo cha mbele, amekaa mahali nisipopaelewa. Mkono wa mwalimu umezoea kusahihisha. Nikamrudisha nyumba moja nyuma, nikatuma.

Jibu lilipofika nililisoma kibarazani kwa sauti, kama kawaida yetu. Mpango wa Owor hauna ushindi. Programu zote mbili zimeukataa, na mtaalamu mwenyewe amehakikisha.

Nikajua papo hapo ni yule askari.

"Bwana Paya, rudi kwa mtama wako," fundi akacheka. "Mtama haubishani."

Owor alinitazama. "Mwalimu, wewe mwenyewe naona kazi yangu yote. Sema."

Nikaikunja barua. "Mashine haikosei, ndugu yangu."

Hakurudi tena Busia. Kila likizo nilisema nitakwenda kwake nimweleze. Nilipokwenda, alikuwa ameshazikwa.

Mkewe alinipa kiti na uji. "Kila jioni akitoka shamba yeye napanga hivyo vitu kwa ubao, vilevile," alisema. "Yeye nasema iko kitu mashine naona, yeye haoni. Mwalimu, alikuwa natafuta nini?"

Mpango wake ulikuwa sahihi. Nilikunywa uji, nikaaga. Hata mkewe sikumwambia.

Wewe unayeshika kazi ya mwenzako, ukiona kosa, muulize kwanza. Na kama umeshaharibu, usikate tamaa: sema siku hiyohiyo, watu wakiwa bado wamekaa. Utaona haya kidogo, kisha mtacheka pamoja. Mimi nilingoja siku nzuri ya kusema, na Owor akafa akitafuta kosa kwenye ubao usio na kosa.