Joho la Wakili

Wakili wetu hapa Kindu hulitunza joho lake jeusi kama mboni ya jicho. Miaka ya vita alilifukia ndani ya ndoo, akalifukua bila doa. Hata leo hufuta benchi kabla ya kuketi. Jana Ayoubu, dereva wa pikipiki, alikabiliwa na kifungo kwa kuendesha akiwa amelewa. "Alinuka pombe ya lotoko," polisi alishikilia. "Bidoni ya abiria njo ilinimwangikia mugongoni," Ayoubu alijitetea. Wakili akaifungua bidoni ile, dumu lililoletwa kama ushahidi, mbele ya mahakama, akajimwagia pombe kifuani. Subhanallah, joho lile! Sote tukasimama. "Mheshimiwa, nusa. Na miye niko mulevi?" Hakimu akanusa, akacheka, akamwachia Ayoubu huru. Wakili akatoka akiinua pindo la joho lililolowa, lisiguse matope.