Kibanda cha Wazee Juu ya Paa

Chenge alipouza kiwanja cha baba yake pale Nyakato alitoa sharti moja tu: kibanda cha kutambikia wazee kisipotee. Fatehali, mnunuzi, hakumdanganya. Alimpa na kazi ya kulinda geti tangu siku ya kuchimba msingi, na ghorofa lilipokamilika kibanda kilikuwa juu ya paa, kando ya matangi ya maji, kimejengwa upya kwa vigae vyeupe.

"Mzee Chenge, wazee wako wana sehemu nzuri kuliko ofisi yangu," alisema.

Chenge akashukuru.

Kisha mke wake, Hellen, akaugua tumbo. Hospitali wakasema arudi tu nyumbani. Siku moja akamshika Chenge mkono.

"Nenda ukawaambie wazee."

Hellen, mwanakwaya, aliyemcheka miaka yote kwa mambo hayo!

Asubuhi Chenge akapanda paani na kibuyu cha unga wa mtama uliokorogwa kwa maji. Akamtaja babu yake, akamwaga. Weupe ule ukatambaa juu ya vigae, ukaingia kwenye bomba la mvua. Mara akapanda Queen, mfagizi, anahema.

"Shikamoo babu. Uji wako umewamwagikia bodaboda kule chini, wanatukana! Hao wazee hawana kikombe?"

"Marahaba," alijibu, akakiziba kibuyu.

Wazee hunywa kwenye udongo walimolala. Na udongo ule ulichimbwa, ukapakiwa kwenye malori. Geti alilifungua yeye mwenyewe, lori baada ya lori, macho yake yakiwa kwenye kibanda kisije kikaguswa. Alilinda nyumba yao, wenyewe wakatolewa mbele yake.

Dereva mmoja wa malori yale alikumbuka: kifusi kile kilimwagwa Kisesa. Chenge akajaza kibuyu tena, akaenda. Akakuta yadi ya malori, zege tupu kutoka ukuta hadi ukuta.

"Unamtafuta nani, mzee?" mlinzi akauliza.

"Ndugu zangu."

"Dereva au utingo?"

Chenge akatazama chini. Hapakuwa na hata ufa.

Alirudi jioni. Hellen alikuwa macho, akimngoja.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia."

"Wamekunywa?"

"Wamekunywa, mama. Wote."

Hellen akavuta pumzi ndefu, akafumba macho, uso umetulia. Chenge akakisukuma kibuyu chini ya kitanda kwa mguu, taratibu, maji yasije yakacheza ndani, Hellen akasikia kwamba bado kimejaa.