Kichupa cha Jamu Mezani kwa Daktari

Nilikuwa mpishi katika nyumba moja ya Elgon View, mtaa wa matajiri, miaka ile ya chama kimoja, wakati mtu mdogo alifunzwa kunyamaza kila mahali, hata hospitalini. Mimi sikufunzika.

Tumbo lilinisumbua kwa miezi: leo njaa isiyoisha, kesho kichefuchefu. Daktari wa kliniki moja mjini alisema ni vidonda vya tumbo. Niliporudi alipima choo mara moja, hakuona kitu, akaniambia nipunguze mawazo.

Asubuhi moja nikakuta kwenye chupi vipande vyeupe, bapa kama utepe uliokatwa. Kimoja kilikuwa kinajikunja. Niliona aibu, halafu hasira ikaishinda aibu. Nikakitia kwenye kichupa cha jamu chenye maji, nikakipeleka na kukiweka mezani kwake.

"Hii ni nini?"

"Ni hayo mawazo yangu, daktari. Yametoka yenyewe."

Akaniambia nitoke. Nikasema sitoki mpaka kipelekwe maabara. Foleni yote ilikuwa inasikiliza mlangoni, kwa hiyo akamwita mama wa maabara. Mama huyo alikibana kipande kati ya vioo viwili, akakitazama kwenye mwanga wa dirisha.

"Huyu ni mnyoo, tegu," akasema. "Anatoka kwa nyama ya ng'ombe isiyoiva. Ukipima choo mara moja tu, unaweza kumkosa."

Nikapewa tembe nne, nizitafune asubuhi kabla ya kula.

Mwajiri wangu, mama mwenye nyumba, aliposikia, akanifukuza jikoni. "Umeniletea uchafu wa kwenu."

"Mama, kwetu nyama tunachemsha mpaka ilegee. Yenye damu naipika hapa, kwa sababu Mzee anaipenda hivyo, na inayobaki ndiyo nakula. Mpeleke Mzee apimwe."

Hakuwahi kujibiwa hivyo. Akaniweka kwenye kufua nguo. Siku ya nne Mzee, mume wake, akaja peke yake nilipokuwa nikifua, akauliza kwa sauti ya chini vipande vyenyewe vilikuwa vya namna gani. Nikamweleza. Akakaa kwenye ngazi.

"Mimi naviona tangu Krismasi," akasema.

Nikamwelekeza kwa yule mama wa maabara, siyo kwa daktari.

Miezi mitatu ilipopita bila kipande chochote, mama wa maabara alinipima tena, akasema nimepona. Kazi sikufutwa, na jikoni nilirudi bila kuitwa. Hakuna aliyeniomba msamaha. Nami sikumwomba mtu.