Kisanduku Chenye Tundu la Meno Tisa

Mama yangu alibaki na ngombe zake mulimani, juu ya Fizi, kwenye simu haikushika. Mi nilikuwa katika muji wa Baraka, kwa biro ya afya, na kitu kilichotuunganisha ni foni, ile redio kubwa. Mwanzo ilipitisha sauti. Baadaye tuliifunga kwa modemu, ikapitisha maandishi. Siku ya soko mama alikuwa anapita kwa kituo cha afya cha kule, chenye foni kama yetu, munganga anamuandikia maneno yake. Kila mara alimalizia "À vous", zamu yako, kama tulivyozoea kwa sauti, halafu anabaki amesimama mbele ya mashini. Munganga amupe kiti, wapi! Haketi mpaka nijibu.

Basi ikaletwa laini ya intaneti, ya sahani ya satelaiti. Shefu akaniambia nichague kisanduku cha kuiunganisha na mashini zetu. Yeye alishapenda kimoja chembamba, chenye taa za kupendeza. Nikakigeuza nyuma: hakina tundu la meno tisa, lile la zamani ambamo modemu ya redio inaingia.

"Iyo redio imezeeka," akasema. "Tuitupe."

Eh! Hasira ikanipanda. "Shefu, ukiitupa, mama yangu ataongea na nani? Na ngombe?"

Biro nzima ikacheka. Mi sikucheka. Nikachagua kingine, kizito kama tofali, kibaya kweli, lakini nyuma kiko na matundu ya meno tisa, moja la modemu, lingine la imprimante, mashini ya kuchapa karatasi.

Nilipokiwasha, imprimante ikatapika herufi zisizosomeka. Kumbe nilikipa kisanduku mwendo mukali, na modemu inaenda polepole. Haraka haraka haina baraka, hata ukiwa Baraka. Nikapunguza mwendo, karatasi ikatoka:

"Mama yako anauliza kama unakula. Ngombe ya madoa imezaa. À vous."

Chini yake munganga aliongeza: "Jibu, tafazali. Iko amesimama hapa tangu asubuhi." Nililia mbele ya watu, sina haya kusema.

Leo mulingoti wa simu umefika kule, na redio inalala ndani ya depo. Naipita, naigusa. Nimeikumbuka sana. Juzi nilimupigia mama. Akaongea, akasema "À vous", akanyamaza.

Nikamutania: "Mama, kwa simu unaongea tu, hakuna mambo ya à vous."

"Tukiongea tu wote wawili, nitajua namna gani kama umenisikiliza mpaka mwisho?"

Nikasogeza simu karibu zaidi na sikio.

"À vous," akarudilia, akangoja.